KADI YA MJA MZITO

Ndugu wanachama, sisi wenye maduka tukikosea tarakimu katika daftari la mikopo, mdeni huja juu, na hesabu husahihishwa papo hapo. Iweje basi kadi ya mja mzito iogopwe kuulizwa? Mama mwenye damu ya Rh hasi akiandikwa chanya, hukosa sindano ya anti-D, ipasayo kudungwa ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye damu chanya. Na madhara humngojea mtoto wa pili. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila mja mzito akae na kumbukumbu zake mwenyewe. Basi na azisome, au asomewe. Wala muuguzi asione kuwa ni utovu wa adabu. Kosa likatwe kwa mstari mmoja, lisifutwe. Lililo sawa liandikwe kando kwa tarehe na saini, na daftari la kliniki nalo lisahihishwe siku ile ile.