Tanuri Nyuma ya Kanisa

Wapo wahubiri wanaosema habari za miti na maji si kazi ya madhabahu, kwa kuwa dunia hii inapita. Sisi tunakataa. Mchungaji anayefunga ibada kwa baraka ya Haruni hana pa kujificha: neno la Kiebrania linaloomba Bwana atulinde katika Hesabu 6:24, shamar, ndilo lililo katika Mwanzo 2:15, pale mtu anapowekwa bustanini ailime na kuitunza. Huwezi kuomba ulinzi huo Jumapili, kisha Jumatatu ukaikataa kazi ile ile uliyopewa.

Tuseme na jambo linaloudhi. Huku Bujora na vijiji vya Usukuma, usharika ukitaka kujenga, mara nyingi huanza na tanuri la matofali. Magogo yanaletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, na miembe imo. Tanuri linawaka usiku na mchana, waumini wanashangilia kazi ya Bwana. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza kukata miti ya matunda hata mji ukiwa umezingirwa vitani. Ujenzi wa kanisa una haraka gani kuliko vita? Kilima kikibaki kipara, mvua inaubeba udongo, Mto Simiyu unaingia ziwani na tope lake, na rutuba hiyo inayalisha magugu maji yanayoziba mialo. Kisha mvuvi wa mwalo huo huo anaitwa kwenye harambee ya kuezeka!

Tunajibiwa kwamba kutunza miti ni mila za mababu, tena za kipagani. Upagani uko wapi? Ngitili ya Msukuma ni malisho yanayofungwa masika ili majani yabaki hadi kiangazi. Hapo hakuna kafara, ni akili tu, nayo akili imetajwa na Luther katika Katekisimo Ndogo miongoni mwa vipawa vya Muumba. Jirani zetu walipoirudia ngitili chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, 1986 hadi 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilirudiwa na uoto.

Mawe yamejaa vilimani hapa. Matofali ya udongo na saruji yanayoshindiliwa kwa mashine hayahitaji kuni. Ni ghali? Basi jengo lichelewe miaka miwili. Baraza la wazee litakalopitisha makisio bila kuuliza kuni zinatoka wapi, lisimwite mchungaji kuja kuliombea tanuri.