Msanii mwenye kibao anahitaji kibao

Anayeshuka matatu katika kituo cha Olympic na kuteremka kwa miguu kuelekea Kibera hatapata shida kumtafuta kinyozi, fundi cherehani au mkarabati wa viatu. Takriban kila kibanda kina kibao chake, nacho humweleza mpita njia mambo matatu: jina la mwenye kazi, kazi yenyewe, na nambari ya simu. Baadhi ya vibao hivyo ni sanaa kamili. Kundi la wachoraji la Maasai Mbili, lililoanzishwa Kibera mwaka wa 2001, lina chimbuko lake katika kazi hiyo hiyo ya kuandika vibao, na baadaye picha zake zilifika katika kumbi za maonyesho ng'ambo.

Nimevitaja vibao kwa kuwa neno hili lina maana nyingine, ambayo wanafunzi wangu huipenda zaidi. Kibao ni wimbo uliovuma. Vibao vya namna hiyo havikosekani Olympic wala Kawangware, lakini aghalabu waliovitunga hawana kibao cha namna ile ya kwanza mahali ambapo walimwengu hupita siku hizi, yaani kwenye intaneti.

Kijana mmoja wa Olympic aliyepata kuketi darasani mwangu alinisimulia masaibu yake. Kwa muda wa miaka minne alikuwa akiziweka nyimbo zake katika ukurasa wa mtandao wa kijamii. Simu yake ikanyakuliwa. Alipojaribu kuufungua ukurasa ule kwa simu nyingine, alitakiwa kuthibitisha kwa laini ambayo haikuwa yake tena. Mwandalizi wa tamasha alipomtaka amwonyeshe kazi zake, kijana yule hakuwa na cha kuonyesha. Miaka minne ya jasho ilikuwa imefungiwa katika nyumba ya mtu mwingine, naye hana ufunguo.

Kisa hiki si cha Olympic pekee. Mwaka wa 2019, mtandao wa Myspace, uliokuwa uwanja mkubwa wa wanamuziki duniani, ulikiri kwamba kazi zilizowekwa humo kabla ya mwaka wa 2016 zilipotea wakati wa kuhamisha mitambo. Makadirio yalitaja nyimbo zaidi ya milioni 50. Waliokuwa na nakala zao walisalimika, na waliomwachia mwenye nyumba kila kitu walibaki mikono mitupu.

Sisemi kwamba wasanii waihame mitandao ya kijamii. Huko ni sokoni, na anayeuza hana budi kwenda sokoni. Lakini mfanyabiashara mwenye busara hakeshi sokoni na mali yake yote. Ana kwake, na mteja akitaka kumfahamu zaidi huelekezwa huko. Kwake msanii ni tovuti yake mwenyewe, hata iwe ya ukurasa mmoja.

Manufaa yake si ndoto. Hadithi ya Binyavanga Wainaina iliyoshinda Tuzo ya Caine mwaka wa 2002, "Discovering Home", haikuwa imechapishwa kwanza kitabuni, bali katika jarida la intaneti. Mwaka uliofuata jarida la Kwani? lilizinduliwa, na waandishi wengi wa Kenya wakapata jukwaa. Mlango ambao wachapishaji hawakuwa wameufungua ulifunguliwa na ukurasa wa mtandaoni.

Tovuti ya msanii inahitaji nini basi? Jina lake, kazi yake kwa maneno machache, sampuli mbili tatu, tarehe za maonyesho, na njia ya kumfikia. Mapambo mengine ni mzigo kwa mgeni. Maandishi ya makala haya unayoyasoma hayafiki kilobaiti 10. Picha moja iliyopigwa kwa simu na kuwekwa bila kupunguzwa huweza kufika megabaiti 3, yaani uzito wake mara 300. Mtu aliyenunua bando la shilingi chache hatangoja picha kama hizo kumi zifunguke. Ataondoka, na msanii hatajua kwamba mgeni alipiga hodi.

Lugha inayotumiwa kuandika kurasa hizo, HTML, haipaswi kumtisha mwanafunzi anayeweza kuchanganua sentensi. Ni alama zinazofungua na kufunga, kama mabano: hapa kichwa kinaanza, hapa kinaishia, hapa aya inaanza, hapa inaishia. Sarufi yake ya msingi ni nyepesi kuliko ngeli zetu.

Kama mwanaisimu, nina rai moja zaidi. Wasifu wa wasanii wetu mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza cha kubabaisha, hata pale mtu anapoimba kwa Kiswahili na kusikilizwa na Waswahili. Na aandike kwanza kwa lugha ya kazi yake, kisha atafsiri akipenda. Pia ukurasa huo uitambulishe lugha yake kwa mitambo. Kiswahili kina alama yake inayotambulika kimataifa, "sw". Herufi hizo mbili zikiwekwa mwanzoni mwa ukurasa, programu zinazowasomea wasioona huweza kujua kwamba zitamke maneno hayo kwa Kiswahili.

Jambo la mwisho ni umiliki. Anwani za Kenya huishia kwa .ke, na mtu binafsi anaweza kusajili inayoishia kwa .me.ke. Isajiliwe kwa jina la msanii, si la fundi aliyemtengenezea, na ada ya kila mwaka isisahauliwe. Nakala ya kila kitu ikae mahali pengine. Asiyefanya hivyo atakuwa amehama nyumba moja ya kupanga na kuingia nyingine.

Najua wapo watakaouliza kama mtaa wenye shida ya maji na vyoo unahitaji tovuti. Wenyeji wa Kibera walikwisha kulijibu swali hilo. Mwaka wa 2009, wakati mtaa wao ulipokuwa pengo tupu kwenye ramani za mtandaoni, vijana walishika vifaa vya kupimia na kuichora ramani wenyewe, katika mradi wa Map Kibera. Vyoo na visima vilikuwa miongoni mwa vitu walivyoviweka humo. Asiyeonekana hahesabiwi, na msanii asiyeonekana haajiriwi.

Walimu wenzangu, mtaala wa umilisi umetupa mkondo wa sanaa katika shule za sekondari ya juu. Tusiuache uishie kwenye madaftari. Mwalimu wa Kiswahili, wa kompyuta na wa muziki waweza kuungana na kuwapa wanafunzi zoezi moja la muhula: mtafuteni msanii wa mtaani, mhojini, mwandikieni wasifu wa maneno 150 kwa Kiswahili fasaha, kisha mmjengee ukurasa mmoja mwepesi na kumkabidhi funguo zake. Mwanafunzi atajifunza uandishi wenye msomaji wa kweli. Naye kijana wangu wa Olympic, atakapoulizwa tena kazi zake ziko wapi, atataja anwani yake mwenyewe.