Ana alama nzuri, lakini hana rafiki bwenini

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, na wazazi wengi wa Pwani wakajikuta wananunua masanduku na sweta kwa ajili ya shule za bweni za bara. Mazungumzo yalikuwa karo na umbali. Jambo moja halikupewa nafasi: ataishi vipi na wenzake yule mtoto mwerevu ambaye tangu udogo kuchangamana kwampa taabu?

Chukua mfano wa Kiirua, eneo la Buuri, kaunti ya Meru. Kutoka Mombasa ni kilomita zipatazo 700, baridi ni ya Mlima Kenya, na mitaani watu wazungumza Kimeru. Shule za huko hazina kosa. Lakini kwa mtoto mwenye Asperger, bweni lolote, liwe Kiirua au Kilifi, ni mtihani usiomo kwenye silabasi.

Mtoto huyu wamjua. Asema vizuri, tena kama khatibu. Aweza kukutajia kila meli iliyotia nanga Kilindini, lakini hatambui kuwa msikilizaji amechoka. Mzaha auchukua kama ulivyosemwa. Kelele ya kengele yamuumiza. Mtaani huambiwa ana kiburi, au ana jini. Daktari Hans Asperger wa Vienna aliwaeleza watoto wa aina hii mwaka 1944, na mwaka 1981 Lorna Wing wa Uingereza akalieneza jina hilo. Tangu 2013 wataalamu wa Marekani wameliweka chini ya usonji.

Kenya ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum tangu 1984. Lakini anayepelekwa huko mara nyingi ni mtoto asiyesema au anayeshindwa na masomo. Huyu wetu apata alama nzuri, basi hakuna anayeuliza. Alama zampeleka shule kubwa, na shule kubwa ni bweni.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwanafunzi wa kutwa akichoshwa na watu hurudi nyumbani jioni akapumzika. Wa bweni hana pa kwenda. Tena bweni lina sheria ambazo hazikuandikwa popote. Mwalimu akiuliza nani aliruka ua usiku, mtoto huyu atamtaja kwa jina, kwa sababu ameulizwa na ukweli ndio huo. Kuanzia siku hiyo ni msaliti. Hakukusudia ubaya, wala haelewi kwa nini hakuna anayekaa naye mezani.

Sisi huwa twamwambia yeye ajifunze kuishi na watu. Ni nusu tu ya kazi. Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kwatoka pande zote mbili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwapa watu wazima habari wapokezane mmoja baada ya mwingine. Wenye usonji wakiwa peke yao waliifikisha sawa na wasio nao. Habari ilipotea zaidi walipochanganywa.

Kwa hiyo kazi ni ya wote. Mzazi, mpeleke mwanao kwenye tathmini kabla ya kuchagua shule, na usione haya kuchagua ya kutwa. Akienda bweni, mwandikie mwalimu wa darasa na msimamizi wa bweni ukurasa mmoja: apenda nini, nini chamuumiza, aelekezwe vipi. Shule nayo impe mwenzake mmoja anayekubali kwa hiari, na chama cha kujiunga nacho, kiwe cha sataranji au cha sayansi. Urafiki wa watoto hawa huanza kwa kazi ya pamoja; kumwambia "nenda ukacheze na wenzako" hakumsaidii. Na kumtesa mwanafunzi, hata kwa maneno, kumekatazwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013.

Wengi wetu watoto wetu hawana usonji, lakini huenda ndio wanaowatungia wenzao majina ya kejeli, shuleni na hata madrasa. Muulize mwanao leo: nani darasani kwenu hukaa peke yake wakati wa mapumziko? Kisha muulize yeye amefanya nini.