Bio inaanzia ku udongo

Mvua inarudi. Mu Lubumbashi, mu Likasi, mu Kolwezi, bamama banatoa majembe na kutafuta kipande cha udongo: nyuma ya nyumba, pembeni ya muto, wakati mwingine chini ya kilima cha mabaki ya kiwanda. Mushahara haufiki mwisho wa mwezi. Kwa creuseur hata mushahara hakuna: kuko siku ya bahati na siku ya njaa. Lengalenga na matembele njo vinaokoa nyumba. Basi, tukiongea juu ya udongo, tunaongea juu ya sahani.

Masiku hizi kuko habari inazunguka: shanvre ya bio, muti yenye kusafisha udongo bila dawa yoyote. Batu banauliza: kama ni kweli, juu ya nini tusiipande huku kwetu, penye udongo umechoka na madini? Ulizo ni nzuri. Tunapenda kuijibu bila kudanganya mutu.

Kwanza tusichanganye. Shanvre ya kazi na bangi ni ndugu wa tumbo moja, lakini tabia mbalimbali. Ile yenye kuzungusha kichwa, inaitwa THC, iko kidogo sana mu shanvre ya kazi. Sheria ya Marekani, tangu 2018, inakubali ile isiyopita 0,3 %, na Ulaya leo inafuata kipimo kile kile. Kwetu bangi imekatazwa, na polisi hatapima 0,3 % pa barabara: atakufunga. Kwa hiyo mutu asiende kupanda na kusema ni gazeti lilimutuma.

Sasa sifa zake, juu ni za kweli. Mu miezi tatu ao ine hivi, shanvre inaweza kupita urefu wa mutu, mara nyingi hata mara mbili. Ikipandwa karibu-karibu, inafunika udongo na kunyima majani mabaya mwangaza; mulimaji hana lazima ya kununua dawa ya kuua majani. Wadudu hawaisumbui sana. Muzizi wake unashuka chini na kupasua udongo mugumu. Majani yanaanguka, yanaoza, yanarudisha chakula ku udongo. Haikunywi maji sawa pamba. Lakini inapenda kula: bila samadi, hata mavi ya kuku, haitaonyesha nguvu yake. Tena mbegu za Ulaya zimezoea siku ndefu za kule. Huku kwetu, penye usiku na mchana vinakaribiana, zinatoa maua mbio na kubakia fupi.

Ufaransa inalima shanvre kupita inchi zingine za Ulaya. Nyuzi zinatoa nguo na kamba. Moyo wa muti unasagwa, unachanganywa na chokaa, unajenga kuta zenye kuzuia joto na baridi. Sisi wa Katanga hatuko wageni wa chokaa. Batu ba Likasi banajua mawe ya Kakontwe.

Lakini mufano wenye unatugusa zaidi uko mu Italia, mu muji wa Taranto. Kule kuko kiwanda kimoja cha chuma, kati ya vikubwa vya Ulaya. Mu 2008 balikuta dioksini, sumu yenye kutoka ku moshi, mu maziwa na jibini za mifugo ya karibu. Kondoo na mbuzi kwa mamia balichinjwa, na nyama yao haikuliwa. Kisha serkali ilikataza kuchunga mifugo mu kilometa 20 kuzunguka kiwanda. Kati ya bafugaji wenye balipoteza kila kitu, kuko wenye balipanda shanvre mu mashamba yale. Walitaka udongo ufanye kazi bila kulisha mutu sumu.

Angalieni vizuri ile akili. Hawakusema: «Tumepanda bio, sasa tuko safi.» Walisema: udongo huu ni mugonjwa, tupande kitu chenye hakitaingia mu kinywa. Huku njo tunataka kufika. Neno bio, vile linatumiwa ku soko ya Ulaya, linaangalia zaidi vile mulimaji anafanya: hakutia mbolea ya kiwanda, hakupuliza dawa. Kwa hesabu ile, bamama wengi ba kwetu balikuwa bio tangu zamani, juu hawana franka ya kununua dawa. Na bado lengalenga yao inaweza kubeba shaba na kobalti.

Madini hayaozi. Shanvre inaweza kuvuta kidogo mu kila mavuno, lakini udongo wenye ulipokea moshi wa fuo tangu 1911 hautasafishwa mu misimu mbili. Na muti ukishavuta madini, mavuno yanaenda wapi? Mukiyachoma pa jikoni, madini yanarudi ku kivumbi na ku majivu. Muchimbaji anajua hii kupita professeur: mu mufuko wa mawe hakuna kitu kinapotea, kinahama tu.

Na haiko hadithi. Mu 2018, batafiti ba Lubumbashi na ba Leuven balionyesha kama batoto ba mutaa wa Kasulo, mu Kolwezi, balikuwa na kobalti mingi mu mukojo kupita batoto ba mbali na machimbo. Mu 2020 batafiti balitangaza tena kama mu Lubumbashi, mutoto mwenye baba yake anafanya kazi ya madini iko na hatari zaidi ya kuzaliwa na kilema. Baba analeta kivumbi ku nguo, mama anaivuna ku bustani, na mutoto anapokea pande zote mbili.

Tufanye nini? Dawa ya kwanza haitoki mbali. Pa Penga Penga, upande wenye upepo ulikuwa unapeleka moshi wa kiwanda, batafiti ba Université ya Lubumbashi balijaribu nyasi ndogo ya kwetu, Microchloa kunthii, pamoja na chokaa na mboji. Nyasi ile haiondoe madini: inashika udongo, kivumbi kisipande na mvua isiupeleke ku muto. Chokaa na mboji vinafunga shaba, muzizi usiivute sana. Pa nyumba, ni heri kupanda mboga mu udongo uliotoka pasafi, juu ya tuta, mbali na mabaki ya kiwanda. Mukoshe majani na maji safi: inatoa kivumbi, lakini ile imeingia ndani haitoki. Nguo za kazi zisiingie mu chumba cha batoto.

Lakini tusimutwike mama peke yake muzigo wenye hakuutengeneza. Code minier, vile ilirudiliwa mu 2018, inasema mwenye chimbo analipa uharibifu wa kazi yake, hata kama hakukosa kwa kusudi. Inamuomba pia aweke dhamana ya kutengeneza udongo, na kutoa 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Angalieni: ni hesabu ile ile ya shanvre. Moja inapimwa mu maabara kwa uangalifu mukubwa. Ingine, ni mutaa gani umeiona?

Kwa hiyo tunaomba mambo tatu. Udongo wa bustani za mitaa ya machimbo upimwe, na majibu yabandikwe pa serikali ya mutaa, mu Swahili. Sehemu ya ile 0,3 % inunue chokaa, mboji na udongo safi kwa bamama. Na serkali iruhusu Université kujaribu shanvre ya kazi, kwa kipimo na kwa ulinzi, mu mashamba yenye hayafai tena chakula, kwa kuta na kamba, hapana kwa sufuria.

Muti mwema ni musaada. Hauwezi kuwa kitambaa cha kufunika deni la mutu mwingine.