Nia ya Kurudisha

Neno "nia" tumelizoea mno hata tukadhani lina maana moja tu. Husemwa penye nia pana njia; nia hiyo ni azma, yaani kushikilia jambo mpaka litimie. Kwa Mwislamu afungaye Ramadhani, nia hutiwa usiku kabla ya alfajiri, na pasipo nia hiyo kushinda na njaa hakuwi saumu. Na mama amwulizapo mtoto aliyevunja sahani kama amefanya makusudi, haulizi habari za azma wala ibada. Ataka kujua kama mtoto aliyataka yaliyotokea.

Swali la mama ndilo la mahakama pia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hutenga kuua bila kukusudia, kifungu cha 195, na kuua kwa kukusudia, kifungu cha 196, ingawa marehemu ni yule yule.

Lakini linalotugusa zaidi majumbani ni fedha. Tumfikirie mweka hazina wa chama cha kufa na kuzikana. Tarehe 20 anachukua shilingi 200,000 za wanachama amlipie mwanawe karo, akinuia kuzirudisha siku ya mshahara. Akiulizwa atajibu kwa moyo mweupe kwamba hakuwa na nia ya kuiba, na huenda asiseme uongo. Hata hivyo kifungu cha 258, kielezacho maana ya wizi, chamhusu hasa mtu wa namna hii. Kwa mali nyingine hutazamwa, miongoni mwa mambo mengine, kama mchukuaji alikusudia kumnyima mwenyewe moja kwa moja. Kwa fedha, yatosha kukusudia kuzitumia apendavyo, hata kama alinuia kuzilipa baadaye.

Wako watakaouona ukali huo kuwa umezidi. Mimi siuoni hivyo. Mweka hazina huyu alikuwa na nia mbili kwa wakati mmoja, ya kutumia na ya kurudisha. Ya kwanza ilitimia siku ile ile; ya pili ilitegemea mshahara usichelewe na mtoto mwingine asiugue. Mwanachama akifiwa tarehe 23, sanda itanunuliwa kwa nini?

Naye alikuwa na njia nyingine. Angewaeleza wenzake shida yake, nao wakaridhia na kuandika katika daftari, shilingi zile zile zingekuwa mkopo.