Nani Aliwapa Bunduki?

Kila Jumapili baada ya Misa twasikia maneno yale yale: watoto wameharibiwa na michezo ya video. Hapa Mokambo wazee huwatazama vijana wanaopiga risasi watu wa picha kwenye kioo, nao hutikisa vichwa na kutaja shule za Amerika.

Hatuitetei michezo hiyo. Kijana aachaye masomo ili ashinde akiua, hata watu wa picha tu, auzoeza moyo wake ubaya. Lakini twauliza swali moja. Mei 2006 Gédéon Kyungu Mutanga alijisalimisha huko Mitwaba pamoja na wapiganaji wake, na wengi wao walikuwa watoto. Watoto hao walicheza video gani? Kwa umeme upi? Walijua kuua kwa sababu mtu mzima, mwenye ndevu zake, aliwatia bunduki mikononi.

Na hiyo Amerika mnayoitaja, itazameni vema. Novemba 2021, kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake 4 katika shule ya Oxford, jimbo la Michigan. Bastola alinunuliwa na baba yake siku 4 kabla. Asubuhi ile ile wazazi waliitwa shuleni wakaonyeshwa picha ya kutisha aliyoichora. Wakarudi zao, naye akabaki darasani. Mwaka 2024 baba na mama, wote wawili, walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Vijana wa Japani nao hucheza michezo hiyo hiyo sana, lakini bunduki kwao ni adimu, na mauaji ya namna hiyo shuleni karibu hayajulikani.

Tangu mwaka 2004 PAREC, shirika la Mchungaji Ngoy Mulunda, lilipita Katanga ya Kaskazini likisema: leta bunduki, chukua baiskeli. Yeye ni Mmetodisti, si wa kwetu, lakini tukiri kwamba alishika jambo kwa mzizi. Baiskeli hubeba mahindi na makala. Bunduki haibebi kitu.

Basi, ninyi mnaopangisha vyumba kwa askari au mlinzi: akirudi usiku akaiegemeza silaha ukutani, karibu na mkeka wa watoto, mwambieni kesho airudishe kambini. Akikataa, ahame. Kodi yake ni faranga ngapi hata mnyamaze?