Korongoni Mkubwa Ni Nani?

Ndugu msomaji, sote tumelelewa kwa methali isemayo kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo nataka tuulizane: huyo mkuu ni nani hasa? Ni mwenye umri? Ni mwenye cheo? Ama ni yule aijuaye njia? Swali hili lilinijia mwezi Machi mwaka jana, nikiwa nimesimama juu ya mwamba huku magoti yakinitetemeka.

Tulikuwa marafiki watano: walimu wawili, dada mmoja muuguzi, afisa mmoja aliyetuzidi sote umri, na mimi. Tulilala Mto wa Mbu, na alfajiri tukashika njia ya vumbi ipitayo Engaruka, mahali ambapo wakulima wa kale walijenga mifereji ya kumwagilia mashamba mamia ya miaka kabla yetu. Saa nne hivi tuliwasili kijiji cha Engare Sero, karibu na Ziwa Natron. Upande mmoja ulisimama Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, volkano hai pekee duniani ijulikanayo kutoa lava ya magadi. Upande wa pili lilitanda ziwa ambako heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana. Si mbali na hapo zimo nyayo za watu wa kale, zaidi ya 400, zilizogandamana katika majivu ya volkano.

Lakini sisi tulifuata korongo. Mto unaoteremka kutoka nyanda za juu umekata ukingo wa Bonde la Ufa, ukaacha kuta ndefu za mawe pande zote mbili. Msafiri hupita majini, huvuka ng'ambo hii na ile, hushika mwamba kwa mikono, hadi afike kwenye maporomoko. Maji yalikuwa maangavu, ya kutupoza baada ya lile joto la nje. Tulicheka kama watoto. Tukaketi juu ya jiwe pana katikati ya mto, tukala mayai na chapati tulizofungasha.

Aliyetuongoza alikuwa kijana wa Kimaasai wa hapo kijijini, pengine hajatimiza miaka ishirini. Tulipokuwa tukifunga vyombo, aliinama akachota maji kwa kiganja, akayatazama. Kisha akatazama juu ya mto, akasema kwa sauti ya chini: "Wazee, tupande juu. Hatuendi mbele tena."

Mkubwa wetu aliinua uso. Mbingu ilikuwa ya buluu, haina hata wingu. "Kijana," alimwambia, "tumelipa ili tuyaone maporomoko. Mvua iko wapi?"

Yule kijana hakubishana. Alisema tu: "Mvua iko kule juu, mzee. Maji yameanza kuchafuka."

Naungama mbele yako, msomaji, kwamba nilinyamaza. Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikuuliza neno. Niliona haya kumpinga mkubwa mbele ya mtoto. Walimu nao walitazama viatu vyao. Aliyetuokoa na ukimya huo ni muuguzi. Alitwaa mkoba wake, akamwambia kijana: "Mwanangu, tuonyeshe pa kupandia." Akaanza kupanda bila kugeuka nyuma. Mmoja mmoja tukamfuata, na mkubwa akawa wa mwisho, akinung'unika.

Hatukungoja sana. Kwanza yalipita majani na vijiti. Kisha tukasikia mvumo, na maji yakaja yakiwa na rangi ya udongo, yakisukuma matawi. Sitatia chumvi: hayakuwa gharika ya kung'oa miamba. Lakini lile jiwe tulilolia chakula halikuonekana tena. Mkubwa wetu alilitafuta kwa macho kwa muda mrefu, asiseme kitu.

Hapana budi tulielewe jambo hili. Korongo hukusanya maji ya eneo kubwa na kuyapitisha katika mlango mwembamba. Mvua yaweza kunyesha mbali milimani, nawe chini ukawa unaota jua. Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo kwa machozi: katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba mwaka 2012, na wengine saba mwaka 2019. Maji yakibadilika rangi, yakianza kubeba takataka au kuvuma, usisubiri kuliona wingu. Panda juu mara moja, wala usirudie mkoba.

Tulikaa pale juu hadi mto ulipotulia, tukarudi bila kuyaona maporomoko. Kijijini mkubwa wetu alimpa kijana mkono, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno mengi, tulistaajabu aliposema moja tu: "Ahsante."

Mimi nilirudi nyumbani na deni langu. Juma lile binti yangu wa miaka tisa aliponiambia kwamba waya wa pasi unanuka moshi, ulimi wangu ulikuwa tayari umeanza kumwambia aache maneno. Nikajizuia. Nikainuka, nikaenda kuutazama.

Tukutane Jumapili ijayo.